Mbwa wa Shilinde Aliyenyamaza Kwenye Mahindi

Shangazi Ida, shikamoo. Gazeti lako huku Masanze linanifikia likiwa limeshafungiwa sukari dukani, lakini ukurasa wako huwa naunyoosha kwa kiganja na kuusoma wote, na leo nimekaa chini kukuandikia mwenyewe kwa sababu kuna mbwa mkubwa amefungwa kwenye nguzo ya banda langu, ananitazama, na mimi nimefika mahali simwamini yeye, simwamini aliyenipa, na hata mume wangu nimeanza kumwangalia kwa pembeni.

Naitwa Joha, nina mume na watoto wanaosoma, mkubwa wao Zuwena, na nyumbani tunaishi na mama mkwe ambaye ana maradhi ya nyonga, anatembea kwa fimbo. Mume wangu alikuwa kwenye mkonge mpaka shamba lilipofungwa, sasa anakata miwa huko Ruhembe na kuja nyumbani mara chache, kwa hiyo mahindi ni yangu kulima na yangu kulinda, na siku za gulio nauza nguo za mitumba, maana siku hizi kila mtu anauza kitu, basi nikishatoa mguu tu nyani wanashuka kutoka mlimani. Na nyani Shangazi wanamjua mwanamke. Mwanaume akitokea wanakimbia, mimi nikitokea wananiangalia huku wanatafuna, dume moja liliwahi kunivunjia hindi mbele ya macho yangu likakaa nalo kwenye tuta kama mgeni aliyekaribishwa.

Sasa ng'ambo ya kijito kuna familia ya Wasukuma waliohamia huku miaka ya karibuni na ng'ombe wao. Baba wa mji anaitwa Shilinde, mkewe Raheli. Sina ugomvi nao, lakini mambo ya mkulima na mfugaji unayajua, ng'ombe akiingia shambani hata salamu zinapungua. Siku moja asubuhi Shilinde akaja kwangu anaburutwa na mbwa, nasema anaburutwa, maana mbwa ndiye aliyekuwa mbele. Mkubwa kama ndama, rangi ya majivu, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mama yake ni mbwa wa kuchungia wa hao hao akina Shilinde, baba yake ni mbwa wa mzungu mmoja aliyekuja kusimamia shamba la miwa, kwa hiyo si mbwa wetu kamili wala si wa kizungu kamili. Wanamwita Ruksa, kwa sababu hajaona kitu akadhani kimekatazwa.

"Mama Zuwena," Shilinde akaniambia, "nimesikia nyani wanakusumbua. Mchukue huyu."

Nikamuuliza, "Unamuuza?"

"Siuzi. Nakupa."

Shangazi, nani siku hizi anampa mtu kitu? Hata maji ya kunywa stendi yanauzwa. Nikamuuliza kwa nini anitolee mbwa wa namna ile, akacheka tu. Baadaye nilipokutana na Raheli kijitoni nikamuuliza na yeye, akasema, "Dada, anakimbia mno. Anawakimbiza ndama wetu mpaka wanakonda. Huyu anataka uwanja na kazi." Nikaona hayo ni maneno ya kupangwa.

Mume wangu alipokuja nikadhani atakataa, kwa kuwa sisi ni Waislamu, akasema mbwa wa kulinda shamba hana neno, chombo chake kiwe mbali na vyombo vyetu na ndani asiingie, "halafu nilishaongea na Shilinde." Waliongea lini? Wapi? Mbona mimi sikuambiwa?

Jirani yangu Costancia, ambaye shamba lake limepakana na langu, ndiye aliyenifumbua macho, au labda alinifumba, sijui tena. Alisema, "Joha, fikiria vizuri. Mbwa amekulia kwenye zizi lao, wamemlisha kwa mikono yao. Siku ng'ombe wao wakiingia kwenye mahindi yako atawabwekea? Huyo ni mlinzi wao, wamekuja kumweka kwako." Maneno hayo yakaniingia yakakaa.

Sikatai, kwa nyani alifanya kazi. Mara ya kwanza alipowatokea walitimka wakiangusha mahindi njia nzima, nikacheka peke yangu shambani kama kichaa. Lakini nyumbani ni balaa. Amechimba uwanja wote, amekula mayai ya kuku aliyeatamia, amechana furushi la sweta za gulio, na mama mkwe akitoka nje anamrukia kwa furaha mpaka amemwangusha, si mara moja. Siku za gulio nikawa namfunga kutwa, na majirani wanasema analia mpaka ninaporudi.

Basi siku ya gulio lililopita mvua ikatutawanya, nikarudi mchana mapema. Nafika, ng'ombe wamejaa kwenye mahindi. Na Ruksa amekata kamba, yuko nao, habweki hata kidogo! Anazunguka nyuma yao kimya kimya, kichwa chini, mara huku mara kule, kama anayecheza na rafiki zake, nao wamejikusanya pamoja wanatembea taratibu kuelekea kijitoni. Mama mkwe amesimama mlangoni anapunga fimbo na kupiga kelele kwa Kisagara, lugha ya kwao, nami sikungoja kusikia anasema nini. Nikamwambia, "Nyamaza kwanza mama, nimeona mwenyewe." Nikachukua mpini wa jembe nikampiga yule mbwa mgongoni. Alilia kama mtu, akavuka kijito akakimbilia kwao, na ng'ombe wakatawanyika tena kwenye mahindi, nikawafukuza peke yangu mpaka pumzi ikaniishia.

Kesho yake Shilinde na Raheli wakamrudisha anachechemea. Nikamwambia Shilinde mbele ya mkewe, "Ng'ombe wako wamenimalizia mahindi na mbwa wako akiwashangilia."

Akasema, "Ng'ombe wangu jana walikuwa malishoni upande wa pili wa mlima. Muulize yeyote."

"Nimuulize nani? Wote ni ndugu zako."

Akanishikisha kamba, akasema, "Mwisho wa mwezi nitakuja. Kama humtaki nitamchukua. Ila usimpige tena." Raheli aliondoka bila kuniaga.

Shangazi, niambie. Ni mtego huu au siyo mtego? Mume wangu yumo? Mbwa huyu ananifaa au hanifai? Nikimrudisha nyani watamaliza kilichobaki, nikimweka ni kama nimefuga jasusi uani kwangu. Ni mimi Joha, Masanze.

Marahaba, Joha. Kwa kuwa mwisho wa mwezi hausubiri gazeti, jibu hili nimempa kondakta wa basi la Kilosa alilete.

Pole kwa mahindi. Pole nyingine sina, kwa sababu umenikasirisha. Umeniuliza habari za mbwa kisha ukaniandikia habari za Shilinde.

Hebu soma tena ulichoandika kwa mkono wako. Ng'ombe walikuwa wamejikusanya pamoja, wanatembea kuelekea kijitoni, mbwa yuko nyuma yao. Ulipompiga mbwa, ng'ombe wakatawanyika tena shambani. Sasa niambie wewe, nani alikuwa anawatoa na nani aliwarudisha? Mimi sikuwepo, siapi. Lakini nimewahi kuishi na watu wa mifugo, na mbwa wa kuchungia niliowaona walikuwa hawapigi kelele wakiwa kazini. Anayebweka huwatia ng'ombe wazimu. Mwenzio huenda alikuwa anakufanyia kazi, ukamlipa mpini.

Sisemi Shilinde ni malaika. Mtu akikupa mnyama ana sababu, na kuiuliza ni haki yako. Lakini uliuliza, Raheli akakujibu jibu zuri na la kweli kwa yeyote aliyewahi kuona ndama, wewe ukalikataa kwa kuwa halikufanana na hofu yako. Ukataka jibu baya ndipo uamini! Na mumeo, muulize alionana wapi na Shilinde. Wanaume wawili wanaotumia njia moja kutoka barabarani hawahitaji njama ili wakutane.

Sasa tuje kwa mbwa. Mbwa wa namna hiyo, mwenye mwili wa baba yake na miguu ya mama yake, hafugwi kwa sababu ametolewa bure, wala harudishwi kwa sababu jirani kasema. Unajiuliza utamlisha nini kila siku, atakimbia wapi, na nani atashinda naye. Mbwa wa kukimbia ukimfunga kutwa atachimba, atachana, atalia, na akifunguliwa atamrukia wa kwanza kumwona. Huyo wa kwanza ni mama mkwe wako. Wewe uko gulioni, mumeo yuko kwenye miwa, watoto wako shule. Anayeishi na Ruksa ni mama mwenye fimbo, na katika barua yako yote ndefu hakuna mahali ulipomuuliza neno. Tena alikuwepo siku ile! Alipiga kelele, ukamwambia anyamaze.

Fanya hivi. Leo, kabla ya kupika, kaa naye chini. Mwombe radhi kwa kumnyamazisha. Muulize aliona nini, na muulize kama anaweza kuishi na mbwa huyo. Hilo la pili akisema hapana, ni hapana, hata kama nyani watacheka. Akisema ndiyo, Ruksa asifungwe tena kutwa, awe na kazi kila siku, afundishwe kukaa chini mtu anapopita, na bwana mifugo amchanje. Na kama ni kumrudisha, mpeleke wewe kwa miguu yako, mchana kweupe. Usimngoje Shilinde aje kumchukua kama mtu anayefuata mzigo wake.

Wasomaji, Joha ameniandikia tena, na ameruhusu nichapishe yote.

Shangazi, shikamoo. Nilimkalisha mama mkwe nikamuuliza. Alinitazama sana akasema, "Umechelewa, lakini kaa." Akanieleza kwamba wale ng'ombe walikuwa wageni, aliwaona wakipita wanaswagwa kwenda mnadani, wachungaji wao waliteremka kijitoni kunywa maji wakawaacha, ng'ombe wakaingia kwangu. Ruksa alivuta mpaka kamba ikakatika, akawazunguka akawakusanya, na alikuwa karibu kumaliza kuwatoa. "Nilikuwa nakupigia kelele umwache amalize," akasema. Shangazi, sikuwa na pa kuweka uso.

Nikamuuliza la pili. Akasema, "Nampenda. Nikimwona anavyokimbia nasahau nyonga. Lakini siku moja ataniangusha na sitainuka. Mrudishe."

Nikampeleka. Njia nzima alinivuta mkono ukataka kung'oka. Shilinde alikuwa anatengeneza zizi. Nikamwambia nimemrudisha mbwa, na nimekuja kuomba radhi kwa maneno yangu na kwa kumpiga. Akaweka shoka chini akasema, "Na mimi nilikuwa na sababu, mama Zuwena. Nilitaka ng'ambo ile nipate mtu mmoja atakayenisalimia hata siku ng'ombe wangu wakikosea. Mumeo nilimwambia njiani, akaona ni vyema." Kumbe ni hilo tu.  Raheli akazunguka nyuma ya nyumba akarudi na jike mzee, mama yake Ruksa, akanikabidhi kamba. "Huyu mbio zimemwisha," akasema, "lakini sauti bado anayo."

Basi ndiye tuliye naye. Anashinda amelala kwenye kivuli karibu na mlango, mama mkwe anamsemesha Kisagara, na nyani wakishuka anasimama anabweka kijiji kizima kinasikia. Hawatimki kama enzi za Ruksa, lakini wanaondoka. Ruksa mwenyewe, Shilinde amempeleka kwa ndugu yake Maduhu huko Ruhembe, kulinda miwa dhidi ya nguruwe pori, na mume wangu anasema anamwona anakimbia kutwa na hajakonda.

Ila Shangazi, jambo moja linaninyima raha. Costancia. Kwa nini alinijaza maneno yale? Shamba lake limepakana na langu, na tangu Ruksa aondoke naona amechangamka sana. Unadhani alikuwa anataka nini?

Joha, hapana! Umetoka kwa Shilinde, ukapitia kwa mumeo, sasa unabisha hodi kwa Costancia. Mwanamke yule naye ana mahindi, naye anaogopa ng'ombe, akasema alichokiogopa. Inawezekana mpaka leo haamini kama kakosea, kwa sababu hakuna aliyemwambia mama mkwe wako aliona nini. Mwambie wewe, kesho asubuhi, mkiwa mnapalilia, bila kumsuta. Kisha mwache azungumze mpaka amalize. Huyo mbwa mzee naye mpeleke akachanjwe wiki hii. Na barua ya tatu usiniandikie kabla hujamuuliza Costancia mwenyewe.