Pete ya Gia

Kaka mpendwa,

Hatujambo. Paka wako amezaa juu ya vitabu vyangu.

Kwenye mashine ya kusaga, ile gia inayozunguka juu ya shafti isiyozunguka ilichomoka tena, ikampita Baba sikioni. Unajua huzuiwa na pete ya chuma tu. Jana Baba aliirudisha pete kwa kupapasa, akaiacha nje ya mfereji wake kwenye shafti.

"Imekaa, profesa?" akaniuliza. Hakuwahi kuniuliza kabla.

"Imekaa, Baba."

Alipotoka nikachukua koleo, nikaiingiza mwenyewe.

Jumatatu likizo inaisha, narudi bwenini. Nani ataitazama pete hiyo, Kaka, ikiwa mimi ninayemwona kila siku nimeshindwa kumwambia kwamba haoni?

Mdogo wako,
Profesa