Chupa Anayokuletea Shemeji Yako

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla ya yote nakuuliza hali. Miguu inaendeleaje, bado inavimba jioni? Na kile kikohozi ulichosema kinakusumbua ukijilaza? Wajukuu wako wazima, na yule mdogo ameshaacha kula udongo? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Cherehani yangu inazunguka, mapazia ya watu yanatoka kwa wakati, na shemeji yako ana afya ya kuwasumbua majirani. Mimi ndiye sina raha, lakini hilo nitalifikia.

Barua yako ilifika juzi, na aliyeisoma ni yeye, kwa sauti, chai ikipoa mezani. Unamjua, hakuna bahasha inayoingia nyumba hii akaiacha ipite. Alisoma mpaka pale uliposema umechoshwa na vidonge vya presha, kwamba unaitaka ile chupa yake ya vitunguu saumu, na kwamba ikifika tu mikononi mwako vidonge vyote utavitupa chooni. Hapo akaiweka barua chini, akanitazama kwa furaha ya mtu aliyeshinda uchaguzi. Akasema dawa kama ile haitumwi kwenye basi pamoja na magunia ya watu, ataileta mwenyewe, tena atakaa kwako wiki nzima akufundishe. Sasa hivi amekwenda kukata tiketi. Anaondoka kesho asubuhi, na barua hii ataibeba yeye. Ndiyo maana naandika mbio mbio, na ukiona herufi zimelala usinicheke, kila mstari nasimama kuchungulia dirishani kama anarudi.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Nikishika simu tu huyu bwana anasogeza kiti. Nikinong'ona anauliza nani mgonjwa, kisha anaweka spika ili na yeye akusalimie. Mambo ninayotaka kukuambia leo hayasemeki kwenye spika.

Basi ngoja nikueleze anavyoishi, ili uelewe kinachokuja. Siku hizi mtaani wanamwita Daktari. Tangu aache kuendesha lori, mwili wake ndio umekuwa kazi yake. Anaamka kabla yangu, anakunywa maji ya uvuguvugu, anatembea mpaka kituo cha mafuta na kurudi. Akirudi anakaa barazani na kuvuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa mdomo, kwa kelele, mpaka paka wa jirani ameuhama ukuta wetu. Soda hataki kuiona. Chumvi ameipiga marufuku mezani, nami natia yangu jikoni kimya kimya. Halafu jioni anachota hiyo hiyo chumvi aliyoninyima, anaimwaga kwenye beseni la maji ya moto na kuloweka miguu. Nikimwuliza kwa nini miguu yake inaruhusiwa na ulimi wangu hauruhusiwi, anasema sielewi mambo ya afya.

Na ile dawa yenyewe ni vitunguu saumu, tangawizi, limau na asali. Anaponda mwenyewe kwenye kinu, anachemsha kidogo, anachuja kwa kitambaa alichokiiba kwenye vipande vyangu, anajaza chupa. Nyumba nzima inanuka. Wateja wangu wanaondoka na mapazia ya sebuleni yenye harufu ya jikoni, na mmoja ameniuliza kwa adabu kama nashonea karibu na jiko. Kazi yangu mimi ni moja tu: kummiminia glasi yake kila asubuhi wakati yeye yuko barazani anapumua. Glasi hiyo haruhusu mtu mwingine aiguse. Anasema mkono wangu una baraka.

Usidhani nadharau mambo hayo, dada. Muuguzi wa kliniki aliniambia kwa mdomo wake kwamba kutembea, kupunguza chumvi na kulala vizuri kunasaidia sana, na tumbo la shemeji yako limepungua mpaka nimelazimika kumpunguzia suruali kiunoni. Na wewe tembea, hata kuzunguka nyumba tu. Ila yeye kila akipita duka la dawa kupimwa presha na kukuta iko sawa, anatoka pale kichwa kimevimba, anamsimamisha kila anayekutana naye na kumweleza kwamba alitupa vidonge na kujitibu kwa vitu vya sokoni.

Mmoja wa waliomsikiliza ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara, yule mcheshi uliyemkuta ulipokuja, aliyekuuliza kama wewe ndiye mdogo. Yeye naye ana presha, na alikuwa akinywa vidonge vyake bila kelele. Shemeji yako alikuwa akienda kwake kupunguzwa ndevu, na kwenye kile kiti alikuwa akihubiri. Kinyozi akaacha vidonge, akaanza chupa. Mwezi uliopita nilikuwa nashona, mara mtu akagonga dirisha langu, nusu ya kichwa amenyolewa na nusu bado, taulo shingoni, hawezi hata kusema. Kinyozi alikuwa ameanguka akiwa na mashine mkononi. Tulimwahisha hospitali. Amepona, kama kupona ndiko huko. Mdomo umevutwa upande, na mkono wa kulia haukamati mashine. Duka limefungwa.

Tulipokwenda kumwona, mkewe alituambia daktari ameuliza kama mgonjwa alikuwa akinywa dawa zake. Hakutulaumu. Aliona mumewe alichelewa kuanza vitunguu saumu, basi. Na shemeji yako akafungua mfuko, akatoa chupa nyingine mpya, akaiweka kando ya mto wa mgonjwa.

"Kunywa, ndugu yangu," akasema. "Mimi ni ushahidi unaotembea."

Mkewe akamshukuru kwa mikono miwili. Nilitoka nje nikajifanya natafuta maji ya kunawa. Tangu siku hiyo sina utulivu. Nakaa, nasimama, nafagia palipofagiliwa. Juzi nilishona upindo wa pazia kutoka mwanzo mpaka mwisho, mguu unakanyaga, sindano inatoboa, kumbe uzi ulishakatika zamani. Shemeji yako ananionea huruma, ananiambia nami nianze kuvuta pumzi kwa pua.

Dada, nasema sasa kabla sijasimama tena. Mume wangu hajaacha vidonge. Anavinywa kila asubuhi ila hajui. Mimi ndiye ninayemtilia kwenye glasi.

Utakumbuka alivyoanguka akishuka kwenye lori, na kliniki wakasema presha iko juu, atakunywa dawa maisha yake yote. Alikubali, akanywa. Halafu kaka yake mkubwa akafariki, yule aliyemlea. Alikuwa kwenye dawa miaka mingi, na siku zake za mwisho mfuko wa vidonge ulikuwa kando ya mto. Shemeji yako alirudi kutoka mazikoni, akaenda chooni na vidonge vyake vyote, akamwaga, akavuta maji. Akaniambia yeye hatakufa na mfuko kando ya mto. Nilimbembeleza, nikalia, nikamnunia. Yeye akaenda sokoni kununua vitunguu saumu.

Mimi nikaenda kliniki. Nikamwambia muuguzi mzee amepata safari, nimetumwa kumchukulia dawa. Nikamwuliza mfamasia kama vidonge hivyo vinaweza kusagwa. Akasema hivi vinaweza, lakini si vidonge vyote, niwe mwangalifu, na ni kwa nani? Nikamwambia ni kwa mzee asiyeweza kumeza. Naviweka kwenye kopo la vifungo, katikati ya vifungo vyeupe vya mashati, ambako hakuna mwanamume atakayeingiza mkono. Siku moja nusura nimsagie kifungo. Nasaga kwa mgongo wa kijiko, natia kwenye glasi, nakoroga, na kile kitunguu saumu chake kinaficha kila kitu. Anakunywa mpaka tone la mwisho, anajifuta midomo, ananiambia asante mama.

Nilidhani namwokoa mtu mmoja. Sikuufikiria mdomo wake. Ile presha nzuri anayoitangaza mtaa mzima ni ya vidonge vilivyomo kwenye glasi yake peke yake, na chupa aliyompa kinyozi haikuwa na kitu ndani isipokuwa vitu vya sokoni. Chupa anayokuletea wewe nayo ni hiyo hiyo. Sasa unajua kwa nini sijalala tangu barua yako isomwe.

Nakusihi, dada, nakushika miguu hiyo inayovimba: usitupe vidonge. Kama vinakuvimbisha na kukukohoza, rudi kwa daktari umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mimi, muuguzi anasema zipo aina nyingine. Usikae nyumbani ukavumilia, wala usionje vya shemeji yako, vile amepimiwa yeye. Kitunguu saumu kunywa ukipenda, na wajukuu watakukimbia, lakini kinywe juu ya dawa, si badala yake.

Limebaki lake yeye. Wiki nzima atakuwa kwako, na mimi sitakuwepo kummiminia. Nilipoanza barua hii nilikusudia kukuomba uifanye kazi yangu. Nilishasaga vya wiki nzima, nikavifunga kwenye kitambaa cha pazia nivifiche ndani ya mapazia yako anayokuletea. Lakini nilipofika kuandika habari ya kinyozi mkono ulinigomea. Tungekuwa wawili wa kumdanganya, naye angekaa barazani kwako awahubirie majirani zako. Ule unga nimeumwaga. Vya wiki nimevitia kwenye bahasha hii, vizima.

Naogopa, dada, sikufichi. Ananiamini mimi kwa ile glasi kuliko anavyomwamini daktari yeyote. Akijua, huenda asipokee tena hata maji mkononi mwangu. Huenda akaacha dawa kabisa kwa hasira, nikawa nimemuua kwa kusema ukweli baada ya kumtunza kwa uongo. Lakini kinyozi anakunywa ile chupa hadi leo, na mtu pekee ambaye atamsikiliza akimwambia aiweke chini ni yeye aliyempa.

Kwa hiyo ukifika hapa, itazame tena bahasha. Ikikufikia imefungwa kwa gundi, ujue nimeshindwa, yeye hajui kitu. Basi mkalishe, weka vidonge vyako mezani na vyake pembeni, maji glasi mbili, umwambie wewe, kwani kwako ana heshima. Ikikufikia wazi, aliyekuletea ameshaisoma.

Nisalimie wajukuu mmoja mmoja, umbusu huyo mla udongo. Mapazia yako ya chumbani yatakuja naye, yapige pasi kwa upande wa nyuma, na usiyanuse. Mungu akutunze kwa ajili yetu, maana mama ametuachia wewe.

Ni mimi mdogo wako,
Mziwanda

Namsikia getini, anamweleza mtu habari za tangawizi. Ameingia. Ameonyesha tiketi, ameuliza ni habari gani ndefu hivi ninayokuandikia. Chupa ya gundi iko hapa kwenye meza ya cherehani, sijaifungua. Nimemwambia asogeze kiti, avae miwani.