Upande wa Linux

Gacheri, uko? Nimeharibu. Nimeharibu kabisa.

Si laptop ya nyumbani ilikuwa imejaa, nikaondoa ile Linux, ule mfumo mwingine bro yangu Kim aliweka kando ya Windows. Nikafuta hiyo sehemu yote, nikaiunganisha na Windows. Ati nikafurahi, nimepata nafasi!

Saa hii nimempigia Kim huko Timau nikimringia. Akaniuliza: "Umefuta yote? Baraka zenye Cucu alirekodi za ruracio ya Anita zilikuwa huko. Niliziweka huko ndio mtu asizifute."

Ndio mtu asizifute, Gacheri!

Nyanya yetu alizirekodi akiwa hospitali siku zake za mwisho, akijua hatafika hiyo siku ya sista kulipiwa mahari. Na kesho wakwe wanakuja.

Mum ako hapo nje anajaribu spika za kuchezea hizo baraka. Ameniuliza kama laptop sasa iko na nafasi ya kutosha.