Saa ya Zahabu ku Kilio

Kolwezi, mwezi wa saba 1957

Kwako Tata Ntumba, bwana yangu uko ku Lubudi,

Nakusalimia sana. Batoto beko muzuri. Ntumba aling'oka jino ya mbele, anakataa kucheka mbele ya bantu. Mama yako tulimuzika muzuri. Télégramme ilichelewa kukufikia, hauna kosa. Mi nilimulilia kwa niaba yako.

Dada yako Fidélie atakuandikia. Heri usikie kwangu mbele.

Siku ya kilio nilitosha na kuweka kando hereni, shanga, hata kitambaa ya kichwa, sawa vile banamuke bote banafanya. Ile saa ya zahabu ulinipa ku Noeli, niliisahau ku mukono. Tulikuwa tunalia pembeni ya maiti. Nikainua mikono, jua ya dirisha ikapiga ile saa. Ni kadogo sawa kifungo ya kanzu. Nikaiangaria, na machozi ikakauka.

Fidélie akaniuliza mbele ya bamama bote: «Mama Ntumba, saa yako ya kurudi imefika?»

Nikashusha mukono. Ile saa ilikuwa imesimama. Siku mingi nilikuwa pembeni ya kitanda ya mama yako, sikukumbuka kuizungusha. Sikuangaria saa ngapi. Niliiangaria tu juu ya uzuri yake. Kusema vile kungekuwa mubaya kupita.

Niliifunga mu kitambaa, nikaificha chini ya manguo, ukuje umupe Fidélie, mi siistahili tena.

Ukuje upesi. Mukono ya kuume ndiyo inaandika. Ku ya kushoto nimevaa tena ile saa, nimeizungusha, na inalia polepole.

Ni mi bibi yako mwenye haya,
Mbelu