Tarumbeta Kwenye Chumba cha Pasi

Jumatatu, 4 Machi
Blauzi imelowa maziwa tena. Mama mkwe alimleta mtoto getini mchana, kama kawaida – msimamizi akanizuia. Eti kuanzia leo hakuna kutoka kunyonyesha. Eti hapa ni kiwanda au kliniki? Namsikia mwanangu analia nje, mimi nanyoosha mashati ya watu. Mungu anaona!

Jioni mdogo wangu hata pole hakunipa. Kanichomeka spika sikioni: "Dada, sikiliza bendi hii." Ska panki, anasema, ndio muziki wao, tarumbeta na gitaa la fujo. Makelele matupu.

Jumanne, 5 Machi
Si makelele. Nimesikiliza albamu nzima nikifua nepi. Tarumbeta za harusi, ngoma inakimbia kama mwizi – halafu sikia maneno! Wenye nyumba wanasemwa, mabosi wanasemwa, na kiuno kinataka kucheza. Hasira zangu mimi hunilaza. Zao zinasimama. Kuna wimbo wa wanawake waliofungiwa kiwandani: "Kufuli ni lako, mikono ni yetu." Mtoto kacheka. Cheka tu, baba, hujui anasemwa nani.

Jumatano, 6 Machi
Nimekamulia maziwa chooni. Nikayamwaga. Yangu! Ya mwanangu!

Alhamisi, 7 Machi
Gitaa lao halipigi pamoja na ngoma, linadokoa katikati. Na pasi zetu za mvuke ndivyo zilivyo: kanyaga – puu! Achia – shii! Nikawa naimba ule wa kufuli chini chini, mguu ukafuata. Jirani yangu wa meza, tunamwita Bi Nyundo, akataka kujua naimba nini. Nikamwambia maneno. "Shoga, wimbo huu ni wa kuutolea posa!" Kufika mchana chumba kizima puu-shii, puu-shii. Msimamizi akapita, akatusifu kwa kasi ya kazi! Bi Nyundo nusura ajikojolee.

Ijumaa, 8 Machi
Kuna aliyemwambia msimamizi maneno ya wimbo. Asubuhi kasimama katikati: aliyeleta wimbo ajitaje, afungashe virago. Kila mtu akainamia shati lake. Bi Nyundo kaninong'oneza nifunge mdomo, nina mtoto wa kulisha.

Nina mtoto wa kulisha – ndiyo!

Mchana mtoto akalia getini. Nikatoa mguu kwenye pedali. "Wimbo ni wangu. Na yule anayelia pia ni wangu." Nikatoka. Msimamizi kafunga mlango nyuma yangu, anasema nisirudi.

Naandika hapa nje ya geti kwa mkono mmoja, mtoto ziwani. Mama mkwe anauliza tutakula nini. Natega sikio. Kengele ya kurudi kazini imelia kitambo. Ndani msimamizi anafoka, anafoka – na hakuna pasi hata moja inayoshuka.