Kongo Iko Upande Gani

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Binti yangu Winfrida kapiga simu nikiwa nachuma kahawa. Amepata mchumba. Asifiwe Mungu, mama yake alishaanza kusali novena! Wa wapi? Wa Lubumbashi, Kongo, baba. Anaitwa Ilunga, anasimamia malori ya shaba yanayoshuka bandarini Dar, huko huko Winfrida anakofanya kazi ya kutoa mizigo. Wanakuja Nane Nane kujitambulisha.

Ndoo ya kahawa ilinitoka mkononi. Si kwa ajili ya kijana. Kwa ajili ya mama yangu.

Pasaka mama alitamka mbele ya ukoo mzima: mjukuu aolewe na yeyote, hata chasaka, yaani asiye Mchagga kabisa — ili mradi ni wa Afrika Mashariki. Dada yangu Pamela aliolewa Kanada, akashindwa kuja kumzika baba. Mama anataka mjukuu atakayewahi mazishi yake kwa basi. Na Winfrida kaniambia wazi: bibi asipobariki, haolewi.

Sasa, Kongo ni Afrika Mashariki? Mimi ndiye niliyefundisha Jiografia mpaka nikastaafu. Wote wataniuliza mimi.

Jumanne, 5 Agosti 2025

Sijui.

Nilifundisha nchi tatu. Kenya, Uganda, Tanzania. Mtoto akiongeza Rwanda nilimkata maksi! Leo Jumuiya ina nchi nane, Kongo imo, Somalia imo. Nikasema basi, yamekwisha. Nikafungua simu kuhakikisha — bora nisingefungua. Umoja wa Mataifa wanaiweka Kongo katikati, halafu Zimbabwe eti ndiyo mashariki. Zimbabwe! Umoja wa Afrika nao wameichukua hata Burundi wakaipeleka kati. Na sisi wenyewe tumo kwenye jumuiya ya kusini, pamoja na haohao Wakongo. Kwa hiyo sisi ni wa kusini?

Mke wangu Magreth anasema niache simu nikakamue ng'ombe. Nimekamua. Bado sijui.

Jumatano, 6 Agosti 2025

Nimemwambia mama. Alikuwa anamenya ndizi, hakuacha. Nikaingilia kwa uchumi. Shaba yao inapita Dar, nikasema, na mafuta yao, na mitumba yao, hivyo vyote vinapitia kwetu. Mtu ni wa pale anapofanyia soko.

Akauliza kama wao hawana bahari yao. Wanayo, nikasema, kidogo, upande wa magharibi. Mdomo uliponza kichwa. Kwa hiyo jua lao linazama majini, akasema, na bado ni wa mashariki.

Halafu akaweka kisu chini. Mwalimu, ulikuwa unasema nchi tatu. Leo nane. Nani kahamisha masale?

Isale ni mmea wa mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, na anayeling'oa usiku akalipanda mbele kidogo, kwetu hasamehewi. Nikajitetea kwamba marais walikaa wakatia sahihi. Akauliza kama majirani waliitwa kushuhudia. Sikumbuki kuitwa.

Ijumaa, 8 Agosti 2025

Wamefika jioni. Kijana mrefu, mpole, koti limenyooshwa vizuri, baridi ya huku mlimani Uru inamtetemesha. Mama alisimama mlangoni akingoja shikamoo yake. Kijana akainama, mikono miwili: "Jambo, mama!"

Jambo! Kama mtalii anayepanda mlima. Mama akageuka akaingia ndani. Winfrida akalia. Kumbe kwao hiyo ndiyo heshima yenyewe, hata bibi yake anamwamkia hivyo. Kiswahili kimoja, na kimeshindwa kuvuka kizingiti.

Nimempenda, nasema hapa tu. Mtori wa ndizi kaongeza mara mbili. Anasema malori yakikwama mpakani Tunduma, madereva wanapika chungu kimoja, Mzambia, Mkongo, Mtanzania, na ugomvi wao ni chumvi tu. Roho inaniuma kwa ajili ya Winfrida. Nimeamua: kesho nitasema Kongo ni Afrika Mashariki, na atakayebisha abishe.

Jumamosi, 9 Agosti 2025

Naandika chumbani. Nimewaambia nafuata atlasi.

Sebule imejaa ukoo. Mama ameshika kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi. Akinywa, amebariki. Nilishasimama, nimeshakohoa kusafisha koo, nikitaka kusema. Mama akanipita, akamgeukia kijana mwenyewe: "Baba, kwenu ni upande gani wa Afrika?"

Winfrida alimkanyaga mguu, niliona. Lakini huyu hajui kudanganya, laiti angejua. Akajibu kwa fahari kabisa: "Sisi, mama, ni watu wa Afrika ya Kati."

Nikakaa. Nilijua imekwisha.

Mama hakuiweka kata chini. Alimtazama kijana, akamtazama Winfrida aliyekuwa ameshika mkono wake. Kisha akauliza, kwa sauti ya upole ambayo sijaisikia tangu baba afariki:

"Kati ya nani na nani?"

Kijana akamtazama Winfrida. Winfrida akanitazama mimi. Ukoo mzima ukanitazama mimi — si ndiye mwalimu!

Atlasi iko mapajani. Afrika nimeiona, kati yake siioni. Nilitaka kusema nini vile? Winfrida anagonga mlango. Baba, bibi anauliza, akusubiri au anywe?