Nusu ya Kidonge cha Mama

Nyumbani kwa Mama, chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mdogo wangu mpendwa,

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mtoto ameshaanza kutembea? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu, ila mimi napumulia hasira.

Kitindamimba wetu alianguka Jumanne karakanani, miwani ya kuchomelea ikiwa bado usoni. Wenzake walidhani umeme umempiga. Kumpima, presha mia na tisini na nane kwa mia na ishirini na tano. Ana miaka ishirini na sita! Daktari anasema figo zimeanza kuchoka.

Sasa sikia vituko. Kumbe aliambiwa tangu mwaka jana, akapangiwa kliniki kila mwezi. Alikwenda mara moja, akakuta benchi limejaa mabibi, akageuza. Mama akamwonea huruma. Kila asubuhi amekuwa akikata kidonge chake cha presha kwa kisu cha mkate: nusu yake, nusu ya mwanawe, siri yao wawili. Nilipowaka, akanijibu bila wasiwasi wowote, "Ugonjwa mmoja, mwanangu, dawa mbili za nini?"

Yaani wagonjwa wawili, dozi moja, na wote hawajapona. Sikujua nicheke au nilie.

Nimesema mpaka koo limenikauka. Mama sasa anameza kizima, tena mbele yangu. Lakini huyu bwana mkubwa anashikilia kuwa presha ni ya wazee, yeye alizidisha chumvi tu. Ana kifua kipana kama mlango, basi anadhani na mishipa yake ni nondo. Sikio la kufa halisikii dawa, na mimi naogopa. Naogopa kumzika mtoto niliyembeba mgongoni.

Wewe anakusikia. Nilipomwambia nitakuandikia, akaniuliza kama wewe umewahi kupima. Nikaenda kuchukua kalamu. Baba alikufa hana hata miaka hamsini, tukaambiana ni uchovu wa kazi, na wewe ndiye uliyefanana naye kuliko sisi sote.

Mbusu mtoto, msalimie wifi. Mama na shangazi wanakusalimu. Mungu akupe afya, nawe usimwachie Yeye peke yake kuitunza.

Usimpigie simu leo. Kesho nenda kapime kwanza, halafu umpigie umtajie namba zako. Hata zikiwa mbaya. Hasa zikiwa mbaya.

Dada yako akupendaye hata akifoka.